Sikukuu na Mfuko wa Chama: Habari za Miji Yetu Midogo Tangu Zamani



Kila mwaka Mkutano Mkuu unapokaribia, na Mweka Hazina anapoanza kufunga vitabu vyake, swali moja hurudi mezani. Je, yafaa chama cha kusaidiana kutoa fedha kwa ajili ya sikukuu? Wako wasemao kwamba fedha za wagonjwa na mayatima hazipasi kuishia katika sahani za pilau na malipo ya ngoma. Wako wengine wasemao kwamba chama kisicho na siku ya furaha ni kama nyumba isiyo na baraza: watu hulala ndani, lakini hawaonani. Pande zote mbili zastahili kusikizwa. Kwa hiyo tumeona vema, katika kurasa hizi, kuwaeleza wenzetu jinsi sikukuu zilivyoadhimishwa katika miji midogo ya nchi yetu na ya jirani zetu, ili tutakapokata shauri tulikate kwa ujuzi.

Jambo tunalotaka kulionyesha ni hili. Sikukuu ya mji mdogo haikuwa starehe tu. Ilikuwa siku ya kuhesabiana: nani yupo, nani hayupo, nani amefiwa, nani ameona haya kutoka nje kwa sababu hana nguo. Palipokuwapo hesabu hiyo, watu walijifunza kuchangiana, na vyama vikazaliwa. Hesabu hiyo iliposahauliwa, yakabaki mashindano matupu, mfuko ulitoboka na chama kikafa.

SIKU YA MWAKA

Tuanze na pwani, kwa kuwa huko habari zake ni za kale zaidi. Mtu wa miji ya Waswahili aliishi kwa kalenda zaidi ya moja. Mwezi mwandamo ulimpa Ramadhani, Idi na Maulidi, na sikukuu hizo hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa jua. Lakini nahodha na mkulima walihitaji hesabu isiyohama upesi hivyo, wapate kujua majira ya pepo na ya mvua. Hesabu hiyo ilikuwa ya siku 365, iliyoanza siku iitwayo Nairuzi, yaani Siku ya Mwaka, na ikagawanywa katika miongo, kila mwongo siku 10. Miongo 36 na siku 5 za kumalizia ndio mwaka mzima. Kwa kuwa hesabu hiyo haina siku ya kuongezea kila mwaka wa nne, Siku ya Mwaka nayo husogea, lakini pole pole, siku 1 tu kwa kila miaka 4.

Siku hiyo watu waliteremka pwani kuoga mwaka, nyumba zikafagiliwa, na mioto ya zamani ikazimwa. Katika miji kadha wa kadha ng'ombe alizungushwa mji mzima kabla ya kuchinjwa, na nyama yake ikagawanywa. Tuzingatie maana ya jambo hilo. Ng'ombe hakupitishwa mbele ya nyumba za matajiri peke yake. Alizunguka mji wote, na kila mlango aliopita ulihesabiwa kuwa ndani ya mji. Aliyekaa pembezoni kabisa, mwenye kibanda cha makuti, aliona kwa macho yake kwamba dua ile ilimzunguka naye.

Desturi hii imefifia katika sehemu nyingi, lakini Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, Mwaka Kogwa ungali ukiadhimishwa mwezi wa Julai. Wanaume hupigana kwa migomba ili kila mwenye kinyongo akitoe mbele ya watu, na yakiisha yamekwisha. Kibanda cha makuti huchomwa moto. Kisha watu hula pamoja, na mwenye nyumba asiye na mgeni siku ile huona ni upungufu. Hapo twapata funzo la kwanza: mji ulikuwa na siku maalumu ya kufunga vitabu vya magomvi, kama vile sisi tulivyo na siku ya kufunga vitabu vya fedha.

MAULIDI YA LAMU

Funzo la pili latoka Lamu. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 alifika huko kutoka visiwa vya Ngazija kijana wa ukoo wa Jamal al-Layl, Habib Saleh bin Alwi. Lamu ya wakati ule ilikuwa mji wa daraja. Wenye majumba ya mawe ya Mkomani walikuwa na misikiti yao, elimu yao na sherehe zao. Watumwa, na wageni wanyonge waliotafuta riziki bandarini na mashambani, hawakuwa na nafasi kubwa katika mambo hayo. Habib Saleh alikaa upande wa Langoni, akawafundisha dini watu ambao wengi hawakudhani kwamba wafaa kufundishwa. Akaleta na Maulidi ya al-Habshi kutoka Hadhramaut, yasomwayo kwa sauti kuu pamoja na matwari.

Wako wakubwa wa mji waliochukizwa. Walisema kwamba ngoma haifai mahali pa ibada. Lakini watu walifurika, kwa kuwa palikuwa pahali ambapo mnyonge alikaa mkeka mmoja na sharifu. Msikiti wa Riyadha ulianzishwa mwishoni mwa karne ile, ukawa chuo kikubwa kilichotoa walimu waliosambaa pwani yote ya Afrika ya Mashariki. Wakati huo huo utumwa wenyewe ulikuwa ukielekea mwisho wake: hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Waliokuwa watumwa walitoka katika majumba ya mabwana bila shamba, na wengi bila ukoo unaokubali kuwazika. Swali la nani atakayewazika halikuwa dogo, nasi wana vyama vya maziko twalifahamu vema. Mikusanyiko ya Langoni iliwapa watu hao pahali pa kujulikana kwa majina yao.

Habib Saleh alifariki katikati ya miaka ya 1930, lakini Maulidi ya Lamu yangali yakisomwa kila Mfungo Sita. Wageni huja kutoka Kenya yote, kutoka Tanzania, Ngazija na mbali zaidi, na mji ambao hauna njia za kupitisha motokaa hujaa hadi madirishani. Pamoja na kisomo, pana mashindano ya punda na ya mashua, nayo huwafurahisha vijana. Wageni wengi hupokewa majumbani, na chakula hupikwa kwa masufuria makubwa. Hapana mji mdogo uwezao kubeba mzigo huo isipokuwa kwa kuchangiana, na kuchangiana huko kwahitaji watu wa kuandika, wa kukusanya na wa kuaminiwa.

KRISMASI YA RABAI NA FRERETOWN

Sasa tuje bara kidogo, nyuma ya Mombasa. Wamisionari Krapf na Rebmann walikaa Rabai tangu mwaka 1846. Baada ya mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja, shirika lao, Church Missionary Society, lilianzisha karibu na Mombasa makazi ya watumwa waliookolewa baharini, na makazi hayo yakaitwa Freretown. Kengele iliyowekwa hapo ingaliko, na mtaa mzima waitwa Kengeleni kwa ajili yake.

Wakazi wa mahali hapo walitoka katika makabila mengi ya mbali. Hawakuwa na mila moja ya sherehe, wala mababu wamoja wa kutambikiwa. Kwao Krismasi na Mwaka Mpya zilikuwa sikukuu za kwanza zilizokuwa zao wote, kwa sababu hazikuwa za kabila la yeyote miongoni mwao. Na Mwaka Mpya wa 1889 ulikumbukwa kwa jambo kubwa kuliko karamu yoyote. Watumwa waliotoroka na kujificha katika misheni, wapatao 1,400, walilipiwa fidia, na huko Rabai wakapewa hati za uhuru. Hati iliandikwa kwa jina la mtu. Kuanzia siku ile hapana bwana aliyeweza kuja kudai kwamba mtu huyu ni mali yake. Ikiwa yuko mtu aulizaye maana ya kuhesabiwa siku ya sikukuu, jibu ni hilo.

Freretown ilikuwa na jambo jingine tena, nalo ni bendi ya tarumbeta. Waliosikia tarumbeta zile, na za bendi ya Sultani wa Unguja na za askari, walizipenda mno. Ndipo ilipozuka ngoma iliyoitwa beni, yaani bendi. Wachunguzi wa historia wameieleza kwa urefu, mathalan Terence Ranger katika kitabu alichokitoa mwaka 1975. Vijana walijipanga mistari kama jeshi, wakajipa vyeo vya kingi, jenerali, kanali na daktari, wakatembea mitaani siku za sikukuu huku wakitungiana nyimbo za mafumbo. Mombasa palikuwa na beni ya Kingi na beni ya Scotchi, hawa wa pili wakifuata mtindo wa askari wa Skotilandi. Kutoka Mombasa mtindo huo ulifika katika miji midogo ya pwani, na wakati wa vita ya 1914 hadi 1918 na baada yake ukaenea Tanganyika kwa majina ya Marini na Arinoti, hata ukavuka maziwa.

Watu wa nje waliona vyeo vya mchezo wakacheka. Lakini chini ya vyeo hivyo palikuwa na kazi. Mwanachama alitoa ada. Akiugua, wenzake walimwendea. Akifa ugenini, walimzika. Mgeni afikaye mji asioujua alitafuta watu wa beni yake, akapata pa kulala. Vijana wengi walijifunza humo kufanya mkutano, kutoza faini na kutunza kitabu cha fedha kabla ya kuwapo chama cha kusaidiana chenye jina hilo. Sisi tuketio leo mezani na mwenyekiti, karani na mweka hazina tu wajukuu wa mpangilio ule, tupende tusipende.

MASHINDANO YALIPOULA MFUKO

Hata hivyo, yatupasa kusema ukweli wote. Beni ilikuwa ngoma ya mashindano, na mashindano yana tumbo lisiloshiba. Wenzetu wakichinja mbuzi, sisi tutachinja ng'ombe. Wakichinja ng'ombe mmoja, sisi tutachinja wawili. Sare mpya za sikukuu iliyopita haziwezi kuvaliwa sikukuu hii, kwa kuwa zimekwisha kuonekana. Hapo fedha ya maziko hugeuka kuwa fedha ya fahari, na mwanachama maskini, aliyekuwa ndiye sababu ya mfuko kuwapo, huanza kuukimbia mkutano kwa kuogopa mchango.

Mama zetu wa Mombasa waliyapitia hayo katika lelemama. Vyama vyao vya ngoma, kama vile Ibinaal Watan na Banu Saada, vilikuwa na viongozi wa kike, vyeo na ada, navyo vilishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo. Navyo pia vilisaidia katika harusi na misiba. Margaret Strobel, aliyechapisha kitabu mwaka 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, ameonyesha jinsi gharama zilivyopanda, na jinsi baadhi ya wanawake walivyoanza kuuliza kama nguvu hiyo haifai kutumiwa kwa jambo lenye kudumu. Katika miaka ya 1950 vikaundwa Muslim Women's Institute na Muslim Women's Cultural Association, vyama vilivyotazama elimu ya wanawake na kazi za kheri, na wengi wa walioviingia walikuwa wamepitia lelemama. Hawakuanza kujifunza uongozi siku ile. Walikuwa wamekwisha kuujua uwanjani, chini ya taa, siku za sikukuu. Walibadili shabaha, lakini ujuzi ulikuwa ni ule ule.

MIKUTANO YA DISEMBA HUKO MAGHARIBI

Yaliyotokea pwani yalikuwa na ndugu yake upande wa ziwa, ijapokuwa kwa njia nyingine. Huko sikukuu iliyojenga vyama ilikuja pamoja na reli. Gari la moshi lilifika Kisumu tarehe 20 Disemba 1901, na kwa muda wa miaka ishirini tu maelfu ya vijana wakawa wakitumika mbali na kwao: Nairobi, Mombasa, mashamba ya Wazungu, na ofisi za Serikali. Hata walimu wa misheni walikaa vituoni. Mwezi wa Disemba ndipo wengi walipopata ruhusa ya kwenda nyumbani. Kwa hiyo Krismasi ikawa wakati ambapo mwenye kalamu, mwenye jembe na mzee wa kijiji waliweza kuonana pahali pamoja.

Haikutokea kwa bahati, basi, kwamba mkutano mkubwa wa Lundha, katika Gem, ulifanyika tarehe 23 Disemba 1921, siku mbili kabla ya Krismasi. Watu walikuwa na uchungu wa kipande, wa kodi iliyopanda, wa mishahara iliyopunguzwa, na wa nchi yao kugeuzwa koloni mwaka 1920. Jonathan Okwiri akachaguliwa kuwa kiongozi wa Young Kavirondo Association. Mwaka 1923 chama hicho kiligeuzwa, kwa mkono wa Archdeacon Owen, kikawa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association. Wako waliosema kwamba jino lake limeng'olewa, na neno hilo lina ukweli ndani yake, kwa maana madai ya siasa yalipunguzwa makali. Lakini chama kilihimiza wanachama wachimbe vyoo, waue panya na wapande miti, na neno la ustawi wa jamii likaingia katika maisha ya kila siku ya vijiji. Mbegu yake ilipandwa wakati watu walipokuwa wamekuja nyumbani kwa sikukuu.

Baada ya vita ya 1939 hadi 1945 vyama vya watu wa kwao vilikuwa vingi katika miji: Luo Union, chama cha Abaluhya, na vingine. Vilisafirisha maiti, vilisaidia watoto wa shule, na vilikuwa na timu za mpira. Kisha mwaka 1980, chini ya Rais Daniel arap Moi, ikaamuliwa kwamba vyama vya kikabila vivunjwe. Majina yakaondoka. Hata timu ya Abaluhya, iliyoundwa mwaka 1964, ikaitwa AFC Leopards. Waliotoa amri hiyo walikuwa na hoja yao, kwamba nchi haiwezi kujengwa juu ya kuta za kabila, nasi hatuipuuzi. Lakini tazameni kilichobaki. Ofisi zilifungwa, ila Disemba haikuweza kufungwa. Mabasi yaliendelea kujaa, watu waliendelea kurudi, na mambo ya maziko na karo yaliendelea kuzungumzwa chini ya miti ya nyumbani. Katika Mbale ya Vihiga tamasha ya utamaduni ya Wamaragoli ikawa ikiwakusanya watu tarehe 26 Disemba. Chama kiliondolewa jina, sikukuu ikashika mahali pake mpaka vyama viliporudi kwa sura nyingine.

MANENO YA KUMALIZIA

Sasa twarudi kwa swali la Mkutano Mkuu. Historia haituambii kwamba kila senti itumiwayo siku ya sikukuu ni senti njema. Yatuambia tutazame inakwenda wapi. Ng'ombe aliyezungushwa mji mzima hakuwa hasara, kwa kuwa aliwagusa wote. Ng'ombe wa pili, aliyechinjwa ili kuwashinda majirani, alikuwa hasara hata kama nyama yake ilikuwa tamu.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu, nayo tutayaweka mbele ya wanachama. Kwanza, fedha ya sikukuu iandikwe katika daftari yake peke yake, wala isichotwe kamwe katika mfuko wa maziko na wa wagonjwa. Pili, mchango wa siku hiyo uwe mdogo kiasi cha kuwezwa na mwanachama wetu maskini kabisa, na asiyeweza asitajwe jina mbele za watu. Tatu, na hili ndilo kubwa, karani aje sikukuu na kitabu cha wanachama, na kabla ya chakula kupakuliwa majina yasomwe yote. Kila jina lisiloitikiwa liandikwe, na wazee wawili wapewe kazi ya kwenda kumtazama mwenye jina hilo kabla juma halijaisha, wakimchukulia chakula chake.

Tukifanya hivyo, mwanachama aliye kitandani atajua kwamba siku ile watu walipofurahi jina lake lilitajwa, na kwamba sahani yake haikugawanywa kwa mwingine. Kazi hiyo ndiyo chama chetu kiliyoundiwa, na sikukuu ni siku bora ya kuifanya, kwa kuwa ndiyo siku tunayoonana.

Twawatakia wazee wetu, akina mama, na vijana wote sikukuu ya amani, na mwaka wenye heri.